Jamaa za Wagonjwa wa Akili na Mafundisho Wanayoyahitaji

Mwinjilisti Marko, asimuliapo habari za mtu wa nchi ya Wagerasi (Marko 5:1-20), ataja mambo mawili ambayo mahubiri yetu huyapita upesi. La kwanza ni kwamba mtu huyo alikuwa amefungwa mara nyingi kwa pingu na minyororo. Waliomfunga hawatajwi, lakini yeyote aliyehudumu vijijini mwetu hashindwi kukisia. La pili ni kwamba, alipoomba afuatane na Bwana, alirudishwa nyumbani kwa watu wake. Habari za nyumba hiyo hatukupewa: ni nani aliyempikia, ni nani aliyethubutu kulala karibu naye usiku wa kwanza. Katika makala hii twakusudia kuitazama nyumba ya namna hiyo, hasa ile yenye mgonjwa wa skizofrenia.

Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 kati ya 300 duniani, na mara nyingi huanza katika ujana, yaani wakati uleule wazazi wanapotazamia msaada wa mtoto wao. Sauti asizozisikia mwingine, na shuku juu ya majirani, hutambuliwa haraka kuwa ni ugonjwa. Lakini baada ya hayo kutulia, mgonjwa huweza kukaa kimya miezi mingi, asioge, asishike jembe, asitake kuonana na watu. Hayo nayo ni sehemu ya ugonjwa, ila nyumbani huitwa uvivu au kiburi, na hapo ndipo magomvi huanzia.

Kwa muda mrefu jamaa wamebebeshwa lawama. Huko Marekani, mwaka 1948, daktari Frieda Fromm-Reichmann aliandika juu ya mama ambaye malezi yake humtia mtoto skizofrenia, na wazo hilo likawatesa kina mama kwa miongo kadhaa. Kwetu lawama huja kwa njia nyingine: uchawi, laana ya ukoo, dhambi iliyofichwa. Tofauti ni ndogo kuliko tunavyopenda kudhani.

Uchunguzi wa George Brown na wenzake jijini London ulileta mwanga mwingine. Katika taarifa yao ya mwaka 1972, miongoni mwa wagonjwa waliorudi kwenye nyumba zenye maneno makali ya lawama, au zenye hofu iliyopita kiasi, 58 kati ya kila 100 walirudiwa na ugonjwa ndani ya miezi tisa. Katika nyumba tulivu walikuwa 16. Hii haina maana kwamba jamaa ndio walioleta ugonjwa. Mtu akiitumia takwimu hii kumshutumu mama wa mgonjwa, anarudi palepale pa mwaka 1948. Maana yake ni kwamba jamaa wanaweza kusaidiwa, nao wakisaidiwa mgonjwa hunufaika. Kundi la Julian Leff lilithibitisha hivyo mwaka 1982 kwa kuwafundisha jamaa. Hapa Tanzania, mafundisho yaitwayo Kuwezeshana Kupata Uzima yamejaribiwa Dar es Salaam na Mbeya, mgonjwa na ndugu yake wakikaa katika kundi moja.

Kati ya mambo yanayofundishwa, moja latuhusu sisi watumishi kuliko yote. Mgonjwa akiacha dawa, kwa kawaida ugonjwa haurudi siku ileile. Huweza kupita majuma au hata miezi. Basi akiombewa, akaambiwa amepona na atupe vidonge, siku za kwanza huonekana mzima kabisa. Ushuhuda hutolewa mbele ya usharika. Ugonjwa unaporudi, mhubiri yuko mbali, nao jamaa huambiwa kwamba imani yao ilipungua. Tunaona kwamba hili ni dhuluma, na linatendeka madhabahuni. Hakuna kinachomzuia mchungaji kuomba na mgonjwa huku akimwuliza kama sindano ya mwezi huu ameipata.

Jamaa huhitaji pia kujua kwamba kutetemeka, kukakamaa na kutokwa mate huenda vikasababishwa na dawa, na kwamba mganga aweza kupunguza kipimo au kubadili dawa. Huhitaji kujua dalili za mwanzo za kurudiwa: kukosa usingizi, kunong'ona peke yake, kukataa chakula alichopika mtu fulani. Wafundishwe kusema naye kwa maneno machache, jambo moja kwa wakati mmoja. Wasibishane naye kuhusu sauti azisikiazo, wala wasijifanye kuzisikia.

Na minyororo? Hatuitetei, lazima ifunguliwe. Lakini mara nyingi aliyemfunga ni baba ambaye usingizi umemtoka na nauli imemwishia. Mchungaji anayeanza kwa kukemea hataruhusiwa kuingia mara ya pili. Aulize kwanza dawa zilikwisha lini, hospitali iko umbali gani, na nani hukesha. Kisha arudi pamoja na mwuguzi.

Kanisa letu lina urithi katika kazi hii. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Bethel mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa utumwani, na baadaye ikawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Hata hivyo, kila atokaye Lutindi au Mirembe hurudi katika mtaa wa mtu fulani miongoni mwetu.

Usharika unaotaka kuanza hauhitaji fedha nyingi. Kikao kisiwekwe Jumapili baada ya ibada, kwa kuwa watu wote huona ni nani waliobaki. Ichaguliwe siku ya kazi, alasiri. Aalikwe mwuguzi kutoka kituo cha afya, naye apewe nafasi kubwa kuliko mhubiri. Wakija watu watatu, waachwe waseme watakavyo. Na mzee mmoja wa kanisa apangwe kukaa na wagonjwa saa hizo, maana asiye na wa kumwachia mgonjwa wake hatakuja.