Mpingo na Tanzanaiti: Sayari Isiyoonekana

Wasikilizaji wetu wa Tabora, hasa ninyi wa Ng'ambo, mkikaa uani usiku wa manane katika mwezi wa Oktoba, mkatazama juu ya vichwa vyenu, kidogo upande wa kaskazini, mtakuwa mmeielekea nyota iitwayo Mpingo. Kwa macho matupu haionekani. Lakini mahali pake pajulikana: hupita juu ya mji kadiri ya saa 2 kabla ya Kilimia, nyota zile walizozitazamia wazee wetu ili kujua majira ya kulima.

Nyota hiyo yazungukwa na sayari kubwa iitwayo Tanzanaiti. Zamani zilikuwa na herufi na namba tu, WASP-71 na WASP-71b. Majina haya yalichaguliwa katika nchi yetu, yakatangazwa mwezi wa Desemba 2019, wakati Umoja wa Kimataifa wa Wanafalaki ulipoyapa mataifa mengi kila moja nyota yake na sayari yake ya kuzipa majina. Wakenya sayari yao waliiita Buru, yaani vumbi kwa Kijaluo.

Sasa mwanafunzi atuuliza: sayari hiyo hapana aliyeiona, mwajuaje kwamba ipo? Haifai kumjibu kwamba imeandikwa vitabuni.

Na tuikumbuke njia ya misafara, itokayo Bagamoyo, ipitayo Tabora, hata Ujiji. Mtu asimama mbali gizani, auona moto wa kambi kama nukta. Mpagazi akipita mbele ya moto, yule mtu hamwoni mpagazi wala mzigo wake. Aona moto umefifia kidogo, kisha wang'aa tena. Ukififia vivyo hivyo kila baada ya muda ule ule, atajua kuna kitu kiuzungukacho, na kwa kadiri ya kufifia atakisia ukubwa wake. Ndivyo walivyofanya wataalamu kwa kamera zilizowekwa katika Visiwa vya Canary na Afrika ya Kusini, na habari ya sayari hii ikachapishwa mwaka 2013. Kila baada ya siku 3 kasoro kidogo, Mpingo hufifia kwa muda wa saa 5 hivi, wala upungufu wenyewe haufiki sehemu 1 katika 100.

Uzito haupatikani kwa njia hiyo. Sayari huivuta nyota yake hata ikayumba, na kuyumba huko hupimwa katika rangi za nuru yake. Hivyo Tanzanaiti imeonekana kuwa na uzito wa kadiri ya mara 2 ya Mushtarii, nayo Mushtarii yaishinda dunia yetu kwa mara 318.

Jina la kito cha Mererani ni zuri, ila lisitudanganye. Huko hapana jiwe wala udongo wa kukanyaga. Ni tufe la gesi, lililo karibu mno na nyota yake, na joto lake lingeyeyusha chuma. Mwaka wake mzima ni hizo siku 3 tulizozitaja.

Msafara ulitumia miezi kadiri ya 3 toka pwani hata Tabora. Nuru, iendayo kilomita 300,000 kwa sekunde 1, yatumia zaidi ya miaka 1,000 toka Mpingo hata kwetu. Mwenye darubini yenye kioo cha upana wa sentimita 10, usiku usio na mwezi, aweza kuiona kama chembe hafifu. Lakini kule kufifia kwake jicho halikutambui, hutambuliwa na kamera.