Mzinga wa Morogoro

Ukitaja mzinga huku vijijini watu wanafikiria asali. Lakini mzinga ni bunduki kubwa ya vita pia, na Shirika la Mzinga halifugi nyuki. Linatengeneza risasi. Liko Morogoro, chini ya Wizara ya Ulinzi. Liliundwa mwaka 1974, na China ilitusaidia katika ujenzi wa kiwanda. Ni shirika la umma, yaani mali yetu sote.

Kwa nini tujitengenezee risasi? Jeshi linalonunua kila risasi nchi za nje linategemea hisani ya muuzaji. Siku akikataa kuuza, bunduki zinabaki fimbo tu.

Basi tuitazame risasi yenyewe. Wengi hudhani ni kipande kimoja cha chuma. Siyo. Kuna ganda, na ndani ya ganda kuna baruti. Mbele kimekazwa kichwa, ndicho kinachoruka. Nyuma, kwenye kitako, kuna fataki, kitu kidogo kama punje ya hindi. Fataki haingoji kiberiti. Inangoja kugongwa tu. Askari akivuta kifyatuo, pini inaigonga fataki, nayo inatoa cheche na kuwasha baruti. Baruti inaungua mara moja, inageuka hewa nyingi ya moto, na hewa hiyo inakisukuma kichwa nje ya mtutu.

Bomu la mkono nalo lina fataki. Pini na kishikio ndivyo vinavyozuia springi isiigonge. Sasa fikiri: bomu limelala porini miaka mingi, pini imeliwa na kutu. Ukiliokota, ukalitikisa au kuligonga kwa jiwe, umefanya kazi ya springi. Wala usiseme limeshaharibika kwa mvua. Chuma cha nje kinaoza, lakini vilipuzi vya ndani vinaweza kubaki vizima miaka mingi.

Haya si maneno ya kutishana. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mtoto lililipuka shuleni. Wanafunzi 5 walikufa na wengine zaidi ya 40 walijeruhiwa. Mtoto yule alidhani ni chuma chakavu cha kuuza. Nani angemlaumu? Chuma chakavu kina bei, na mtoto asiyeonyeshwa bomu lilivyo hawezi kulitambua.

Kwa hiyo waonyesheni watoto. Bomu la mkono hutosha kiganjani, mara nyingi lina umbo la yai au nanasi dogo. Ukikuta kitu cha namna hiyo shambani, usikiguse, usikichome, usikifukie. Weka alama mbali kidogo, kwa mfano tawi la mti, uzuie watu na mifugo, kisha mwambie mwenyekiti wa kijiji au polisi. Wao watawaita wataalamu wa jeshi. Na wewe unayenunua vyuma chakavu, ukiletewa kitu usichokielewa, usikitupe kwenye mizani. Watoe watu hapo kwanza.