Tunduma: Hela ya kumhudumia mgonjwa aliyeko nyumbani inatoka wapi?

*Barabara, soko na darasa vina kasma yake kwenye bajeti ya halmashauri. Bibi aliyelala kitandani baada ya kiharusi, mara nyingi hana.*

Kwa ufupi

- Ushuru wa forodha unaokusanywa mpakani Tunduma unakwenda Serikali Kuu. Halmashauri inategemea zaidi ushuru mdogo mdogo na ruzuku.
- Sheria inazitaka halmashauri zitoe asilimia 10 ya mapato ya ndani, lakini hiyo ni mikopo. Wazee hawamo.
- Madiwani ndio wanaopitisha bajeti, na mwananchi ana nafasi ya kusema mapema, kuanzia mtaani kwake.

Ukifika Tunduma, kitu cha kwanza kukiona ni malori. Yanapanga foleni kuelekea Nakonde, Zambia, mengine yakiendelea hadi Congo. Mwaka 2019 kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa ili magari yakaguliwe mara moja badala ya mara mbili.

Kwa macho ya mgeni, mji huu una hela. Ndiyo maana swali hili linawasumbua wengi: kama fedha zote hizo zinapita hapa, mbona familia yenye mgonjwa wa kulala inajitegemea kwa kila kitu, kuanzia nauli ya boda hadi pampasi?

Malori ni yetu, ushuru si wetu

Jibu linaanzia kwenye mgawanyo wa mapato. Ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani vinakusanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) na kuingia Mfuko Mkuu wa Serikali. Halmashauri ya Mji Tunduma haikati chake hapo mpakani.

Kinachobaki kwa halmashauri ni mapato ya ndani: leseni za biashara, ushuru wa masoko, stendi na maegesho, ushuru wa mazao, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo ya biashara. Halmashauri jirani nazo zina vyanzo vyao. Mbozi ina kahawa, na wilaya ya Songwe ina uchimbaji wa dhahabu.

Juu ya hapo kuna ruzuku. Mishahara ya walimu, wauguzi na maofisa ustawi wa jamii inalipwa na Serikali Kuu, na fedha nyingi za ruzuku zinakuja zikiwa na maelekezo ya matumizi. Diwani hawezi kuamka asubuhi akahamisha hela ya darasa kuipeleka kwa wagonjwa wa nyumbani.

Wakati huohuo watu wanaongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 97,562 Tunduma. Sensa ya 2022 ikakuta 219,309. Ndani ya miaka 10 mji umezidi kuwa mara mbili, na mahitaji ya shule, maji na zahanati yamepanda nao. Mkoa mzima wa Songwe, uliozaliwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mbeya, ulikuwa na watu 1,344,687.

Kwa nini jengo hushinda

Bajeti ya halmashauri huanza na mapendekezo ya mitaa na vijiji, yakapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, wataalamu wakayachambua, kamati za kudumu zikayajadili, kisha baraza la madiwani likapitisha. Baada ya hapo inakwenda mkoani, TAMISEMI na mwisho bungeni. Mwaka mpya wa fedha unaanza Julai 1.

Kila hatua ina ushindani, na huduma ya nyumbani inaingia ulingoni ikiwa dhaifu. Zahanati ikijengwa, watu wanaiona na kuna siku ya kukata utepe. Mzee aliyegeuzwa kitandani kwa wakati asipate vidonda vya mgongo hapigwi picha. Hata mwongozo wa bajeti unaosisitiza sehemu ya mapato ya ndani iende kwenye miradi ya maendeleo unasaidia zaidi majengo, kwa kuwa posho ya mhudumu na nauli ya kufuata wagonjwa huhesabiwa kama matumizi ya kawaida.

Wanaotetea majengo nao wana hoja. Mji unaokua kwa kasi hii usipojenga madarasa leo, kesho watoto watabanana. Na zahanati ikijengwa inahudumia watu wengi kwa wakati mmoja, wakati mhudumu wa nyumbani anafika kaya chache kwa siku.

Upande wa pili unajibu kuwa gharama haipotei, inahamia kwa familia. Mgonjwa asipotembelewa, anafika hospitalini akiwa amezidiwa. Anayebaki kumwangalia, mara nyingi mama au binti, anaacha genge lake au shule. Hasara hiyo haimo kwenye kitabu chochote cha bajeti.

Asilimia 10: ipo, ila si kwa mgonjwa

Wengi wakisikia fedha za makundi maalumu hudhani hapo ndipo pa kuombea msaada. Sivyo.

Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, baada ya marekebisho ya mwaka 2018, inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani yasiyo na masharti maalumu kwa ajili ya mikopo isiyo na riba. Asilimia nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu.

Chukua mfano rahisi. Mapato hayo yakiwa Sh1 bilioni, mikopo ni Sh100 milioni: wanawake Sh40 milioni, vijana Sh40 milioni na wenye ulemavu Sh20 milioni.

Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hiyo kutokana na dosari za utoaji na urejeshaji, kisha ikarejea mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Tatizo kwa mgonjwa wa kulala ni kwamba mkopo unarudishwa. Unahitaji biashara, mara nyingi na kikundi. Mzee wa miaka 80 asiyeweza kusimama hawezi kukopa pikipiki, na kama kundi, wazee hawana fungu humo.

Je, matibabu si bure kwa wazee?

Sera ya afya inasamehe gharama za matibabu kwa wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo. Lakini msamaha huo unaanzia kwenye dirisha la zahanati. Asiyeweza kutoka kitandani anahitaji kwanza mtu wa kumbeba na usafiri wa kumfikisha.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Bima nayo kazi yake kubwa ni kulipia matibabu. Kumwogesha mgonjwa, kumlisha na kumgeuza kila baada ya saa chache kunabaki kwa ndugu.

Kaya masikini zinaweza kuwa kwenye mpango wa TASAF. Ruzuku hiyo inasaidia chakula na mahitaji ya watoto, lakini haikuundwa kuwa mshahara wa mlezi.

Nani basi anabisha hodi?

Watu wawili. Wa kwanza ni ofisa ustawi wa jamii, ambaye yuko chini ya halmashauri. Ni yeye anayetambua kaya zenye shida, kushughulikia misamaha ya matibabu na kesi za watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto katika eneo lake, kwa hiyo kesi za watoto nazo ziko mezani kwake.

Wa pili ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa kupata wahudumu 137,294 ndani ya miaka mitano, wawili kwa kila mtaa na kitongoji. Huyu anapita nyumba kwa nyumba, anatoa elimu, anafuatilia wagonjwa na kuwapa rufaa. Yeye si muuguzi wa kushinda na mgonjwa, lakini ndiye anayeweza kugundua kidonda kabla hakijaoza.

Kwa miaka mingi kazi ya kutembelea wagonjwa majumbani ilisukumwa na mapambano dhidi ya Ukimwi, na fedha nyingi zilitoka nje, hasa mpango wa Marekani wa PEPFAR. Tunduma, mji wa mpakani wenye madereva na wageni wengi, ni miongoni mwa maeneo yaliyoitegemea huduma hiyo.

Januari 20, 2025 Rais Donald Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na Julai mwaka huohuo shirika la USAID likafungwa rasmi. Tangu hapo swali la madiwani limekuwa zito zaidi. Mfadhili akiondoka, je, halmashauri inaichukua kazi hiyo au inaiacha ife?

Wengine wamefanyaje

Zanzibar ilianza Pensheni Jamii Aprili 2016. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na kuendelea alilipwa Sh20,000 kwa mwezi, bila kujali kama aliwahi kuajiriwa. Kiwango kimepandishwa hadi Sh50,000. Kenya, kupitia Inua Jamii, hutoa Sh2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi walioandikishwa.

Mipango hiyo inaendeshwa na serikali kuu, si halmashauri. Tunduma peke yake haiwezi kubeba pensheni.

Lakini kuna mfano wa karibu zaidi, na Tunduma yenyewe inaujua. Chini ya mkataba wa lishe, halmashauri zote zinatakiwa kutenga Sh1,000 kutoka mapato ya ndani kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano, na utekelezaji wake unapimwa. Hela ni ndogo, lakini ina hesabu ya kichwa kwa kichwa na kuna anayeulizwa isipotoka. Kasma ya aina hiyo kwa wazee na wagonjwa wa kulala ingeweza kulipia nauli za ofisa ustawi, glavu, sabuni na dawa za vidonda.

Mwananchi aanzie wapi

- Mtaani. Mahitaji ya bajeti huibuliwa kwenye mkutano wa mtaa au kijiji. Jambo lisipoandikwa kwenye muhtasari huko, ni vigumu kulikuta barazani.
- Orodha. Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji na mhudumu wa afya wanaweza kuhesabu wagonjwa wa kulala na wazee wanaoishi peke yao. Diwani akiwa na idadi anaombea hela kwa nguvu zaidi.
- Baraza la wazee. Mabaraza haya yapo kuanzia ngazi ya chini na yanaweza kupeleka hoja kwa diwani na kwa ofisa ustawi.
- Barazani. Mikutano ya baraza la madiwani ni ya wazi. Mwananchi anaruhusiwa kwenda kusikiliza, ingawa hachangii.

Ukienda, usiishie kusikiliza kiasi gani kimetengwa. Kasma inaweza kuandikwa vizuri na mwaka ukaisha bila shilingi kutoka. Taarifa za utekelezaji za kila robo mwaka ndizo zinazoonyesha kiasi gani kilitolewa, lini, na kilifika kaya ngapi.