Nani Anaruhusiwa Kukodi Kishamba Ruiru?

Kwenye ua wa mabati huko Kihunguro, Ruiru, kuna kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: "Shamba la kukodisha, robo eka." Chini yake kuna namba ya simu. Mama mmoja anayeuza sukuma wiki hatua chache kutoka hapo amekipita kibao hicho kwa miezi kadhaa bila kupiga simu. Siku aliyonijia alikuwa na swali moja. "Mwalimu, mimi ni mpangaji wa chumba kimoja tu. Sikuzaliwa hapa, na ukoo wetu hauko hapa. Watu kama sisi tunaruhusiwa kukodi shamba?"

Kazi yangu ni kuwashauri wakulima wadogo kuhusu mambo ya ardhi, na swali hilo hunifikia kila mvua za masika zinapokaribia. Sensa ya mwaka 2009 iliukuta mji wa Ruiru na watu 238,858. Ile ya 2019 ilihesabu 490,120. Huu ni mji uliojulikana kwa kahawa, hata aina iliyotolewa na watafiti wa hapa mwaka 1985 ikaitwa Ruiru 11. Leo mashamba mengi ya kahawa yamekatwa ploti, na juu ya ploti yamesimama magorofa ya vyumba vya kupanga. Katikati ya magorofa bado kuna vipande vinavyosubiri kujengwa, na udongo wake mwekundu unazaa vilevile. Mwenye kipande mara nyingi anaishi Nairobi au ng'ambo. Mwenye jembe na nguvu ya kulima anaishi ghorofa ya tatu, na mchicha wake ameupanda kwenye mkebe wa rangi uliokwisha.

Jibu nililompa mama yule ni kwamba anaruhusiwa. Ibara ya 40 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kupata mali ya aina yoyote katika sehemu yoyote ya Kenya, peke yake au pamoja na wenzake. Ukabila hauulizwi, wala mahali ulipozaliwa, wala kama umeolewa. Kinachotakiwa ni uwe umetimiza miaka 18, umri ambao sheria inamtambua mtu kuwa mzima wa kufunga mkataba, na uwe na akili timamu. Wapo wenye mashamba wanaotaka mdhamini anayejulikana mtaani kabla ya kutoa funguo za geti. Hiyo ni desturi yao ya kujilinda, na unaweza kuikubali au kutafuta shamba jingine.

Kwa asiye raia mambo ni magumu zaidi. Katiba inamruhusu kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, na wengi husoma hapo wakatulia. Lakini Sheria ya Kudhibiti Ardhi, Sura ya 302, inataka mapatano yote juu ya ardhi ya kilimo, kukodisha kukiwemo, yapate idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi, na inaiamuru bodi hiyo imkatalie mtu asiye raia. Maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu mapatano yafanywe, na mapatano yasiyo na idhini ni batili. Sasa, je, kishamba cha Kihunguro ni ardhi ya kilimo? Kwa maana ya sheria hiyo, ardhi iliyo ndani ya manispaa kwa kawaida haihesabiwi hivyo, isipokuwa ile iliyotangazwa katika Gazeti Rasmi kuwa ya kilimo. Ruiru ni manispaa, lakini ukitoka kidogo tu unajikuta nje ya mipaka yake, na miche ya mahindi haikuonyeshi mpaka uko wapi. Kaulize katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, ambako bodi hukutana, ukiwa na namba ya shamba mkononi.

Hayo yanamhusu anayekodi. Baada ya hapo nilimwomba mama yule aache kujiuliza kama yeye anafaa, aanze kuuliza kama mwenye kibao anafaa. Katika miaka yangu ya kazi sijaona mpangaji wa shamba akifukuzwa kwa sababu ya mahali alikozaliwa. Nimeona wengi wakifukuzwa kwa sababu aliyewakodishia hakuwa na haki ya kukodisha.

Kisa cha kawaida kabisa ni shamba la marehemu. Hatimiliki ina jina la babu aliyefariki zamani, watoto hawajaenda mahakamani, na mmoja wao, yule aliyebaki nyumbani, ndiye anayekodisha na kula kodi. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, katika kifungu cha 45, inamkataza mtu yeyote kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka. Kufanya hivyo ni kosa linaloweza kumpeleka jela kwa muda wa hadi mwaka mmoja. Mwenye mamlaka ni yule aliyepewa na mahakama barua za kusimamia mirathi. Kwa hiyo mtu akikwambia "hili ni la baba," mpe pole, kisha uombe kuona barua hizo na majina yaliyomo. Wakiwa wasimamizi wawili, wote watie sahihi. Nimewahi kusimama kwenye shamba la spinachi iliyofika magotini wakati ndugu watatu waliotoka mbali walipofika na trekta. Aliyeilima alikuwa amelipa kodi ya mwaka mzima, tena risiti alikuwa nayo. Ilikuwa na sahihi ya ndugu wa nne.

Kisa cha pili ni ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mali ya ndoa isitolewe bila idhini ya wote wawili wakati wa ndoa ya mume na mke mmoja, na katika kuorodhesha njia za kuitoa inakutaja kukodisha waziwazi, sambamba na kuuza na kuweka rehani. Mzee akikukodishia kipande kilicho nyuma ya nyumba anayoishi na mkewe, sahihi ya mama huyo ina uzito sawa na yake. Tena, kwa uzoefu wangu, mama ndiye atakayekuwa hapo kila siku ukija kumwagilia.

Halafu kuna ardhi isiyo ya mtu yeyote kukukodishia. Nenda kando ya Mto Ruiru au bondeni kwenye Gatharaini uone nduma na napia zilivyostawi mpaka majini. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, zinakataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka pale maji yalipowahi kufika wakati wa mafuriko makubwa kuliko yote, kutegemea mto ulivyo. Anayekukodishia ukingo huo amekuuzia kesi. Vivyo hivyo kwa hifadhi ya barabara: ile ardhi tupu iliyo kati ya lami na ua wa watu ni mali ya umma, inasimamiwa na mamlaka za barabara, na kijana anayekusanya pesa kila mwezi kutoka kwa wenye vitalu vya miche hawezi kukulinda siku tingatinga litakapokuja. Ukitaka sehemu hiyo, kibali huombwa kwa mamlaka yenyewe.

Ukishajua kuwa mwenye shamba ana haki, pima. Huku kwetu ploti ya futi 50 kwa 100 huitwa thumni ya eka. Eka ina futi za mraba 43,560, kwa hiyo thumni yake ni 5,445, na hiyo ploti ina 5,000. Ukikodi mbili kwa bei ya robo eka umelipia futi 890 ambazo hazipo, eneo la kutosha matuta kadhaa ya dhania. Sisemi mwenye shamba ni mwizi, maana wengi hawajui hesabu hiyo. Lakini kodi ikitajwa kwa eka, ihesabiwe kwa eka.

Muda nao uendane na zao. Sheria ya Ardhi ya 2012 inakubali makubaliano ya miaka 2 au chini yawe ya mdomo tu, bila kusajiliwa popote. Mimi sishauri mtu kutegemea mdomo, hata wa rafiki. Sukuma wiki huanza kuchumwa wiki 6 hadi 8 baada ya kupandikizwa, kisha ikitunzwa huendelea kutoa majani kwa miezi mingi. Mtu aliyekodi kwa msimu mmoja wa mahindi akapanda sukuma atakatizwa pale faida inapoingia. Karatasi moja inatosha: majina na namba za vitambulisho, namba ya shamba, ukubwa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kodi, nani analipa maji, na mashahidi wa pande zote mbili. Nakuomba sana uongeze sentensi hii, ambayo watu huisahau: shamba likiuzwa au likitakiwa kujengwa kabla ya muda kwisha, mpangaji apewe nafasi ya kuvuna kilichoota au alipwe thamani yake. Katika mji unaojengwa kwa kasi ya Ruiru, hiyo ndiyo sentensi itakayokufaa siku ya shida.

Wanawake wengi hukodi kwa kikundi, na ni jambo jema, kwa kuwa kodi na foleni ya maji hugawanywa. Tatizo huanza pale mkataba unapoandikwa kwa jina la mwenyekiti peke yake. Akihama au akifariki, wengine wanaonekana wavamizi kwenye mboga walizopanda wenyewe. Andikeni majina yenu wote, na kila mmoja atie sahihi.

Wapo wanaouliza kuhusu misitu, kwa kuwa wamesikia kule juu Lari watu wanalima viazi na kabichi katikati ya miche ya serikali. Ni kweli. Utaratibu huo una mizizi ya tangu miaka ya 1910, umepigwa marufuku na kurudishwa zaidi ya mara moja, na sasa unaendeshwa na Huduma ya Misitu ya Kenya kupitia vyama vya jamii vya misitu. Mwanachama hupewa kipande, hulima mazao ya muda mfupi huku akitunza miche, na miti ikishafunga kivuli anaondoka. Lakini hapa ujirani ndio sharti lenyewe: vyama hivyo ni vya jamii zinazopakana na msitu. Mpangaji wa Kihunguro hana njia huko, na anayemuahidi kipande kwa "ada ya kuingizwa" anamdanganya.

Kwa hiyo hatuna Ruiru orodha ya umma ambayo mtu hujiandikisha na kungoja zamu ya kupewa tuta. Tuna soko, na sokoni mwenye pesa ndiye anayefaa. Jambo hili linaniuma, hasa nikisimama Githurai. Githurai 44 na 45, zilizopata majina kutokana na namba za njia za mabasi, zinatenganishwa na mpaka ambao mtu huuvuka akienda kununua mkate. Ile ya 44 iko Nairobi, ambayo mwaka 2015 ilitunga sheria ya kukuza na kudhibiti kilimo cha mjini, na mojawapo ya malengo yake ni kusimamia upatikanaji wa ardhi na maji kwa kilimo hicho, kipaumbele kikiwa kwa wakazi wa mitaa yenye msongamano na makazi yasiyo rasmi. Ile ya 45 iko Kiambu, kaunti yetu, na sheria ya Nairobi haivuki mpaka. Najua kuandika lengo si sawa na kumkabidhi mtu tuta. Hata hivyo, mkazi wa 44 ana kifungu cha kushika mkononi anapoingia ofisini, na kinamtaja yeye, aliyebanana na wenzake, kuwa wa kwanza.

Mama yule aliniuliza wengine duniani hufanyaje. Nilimweleza kuhusu Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1908 inazitaka serikali za mitaa zisikilize ombi la wakazi 6 walioandikishwa kupiga kura, na zikiona uhitaji upo zitafute ardhi ya kuwakodisha. Sheria nyingine ya 1922 ikaeleza bustani hiyo ni ya nini: mboga na matunda ya kuliwa na mlimaji na familia yake. Kipimo cha kawaida ni kama mita za mraba 250, zaidi kidogo ya nusu ya ploti yetu. Huko anayefaa ni mkazi wa eneo anayelima mwenyewe. Hawamuulizi kama ana ardhi ya ukoo, kwa kuwa kutokuwa na ardhi ndiko kunakompeleka kwenye foleni.

"Watu sita tu?" aliniuliza. "Na hapa kwetu wanatakiwa wangapi?"

Kilimo ni kazi ya kaunti, kwa Jedwali la Nne la Katiba. Na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria. Nikamwambia hapa kwetu anatosha mmoja. Alichukua kalamu yangu, akageuza karatasi ya mkataba wa robo eka ambayo tulikuwa tumeanza kuiandika, na nyuma yake akaandika anwani ya karani wa bunge, Kiambu mjini.