Sura ya Tano: Kuifikia Seva Iliyozima

Tarehe 16 Aprili 2024 Dubai ilinyeshewa mvua ambayo haikuwahi kuonekana Falme za Kiarabu tangu kumbukumbu za hali ya hewa zianze kuwekwa mwaka 1949. Sehemu za barabara ya Sheikh Zayed zilijaa maji, magari yakatelekezwa, safari za ndege zikavurugika. Fundi ambaye seva yake iligoma siku ile katika kituo cha data upande wa pili wa jiji hakuwa na namna ya kuendesha gari kwenda kubonyeza kitufe. Kama hakuwa ameandaa njia ya kuisimamia kutoka mbali, alikaa kusubiri maji yapungue.

Wengi wanaamini SSH inatosha. Haitoshi, kwa sababu SSH inaishi ndani ya mfumo endeshi. Mfumo ukikwama wakati wa kuwaka, au ukiandika vibaya kanuni moja ya ulinzi wa mtandao ukajifungia nje, SSH inaondoka nao. Ndiyo maana watengenezaji huweka ndani ya seva kompyuta nyingine ndogo, BMC, ambayo Dell huiita iDRAC na HPE huiita iLO. Ina kichakataji chake, programu yake, na mara nyingi tundu lake la mtandao. Maadamu kebo ya umeme imechomekwa, iko macho hata seva yenyewe ikiwa imezimwa. Kupitia kwake unaona skrini tangu mstari wa kwanza, unaingia BIOS, unawasha na kuzima, unasoma joto la ndani.

Anza na tundu. Mashine za Supermicro huja zikiwa zimepangwa hivi: tundu maalumu likikosa kebo wakati wa kuwaka, BMC inahamia kwenye tundu la kawaida la seva. Kama tundu hilo limeunganishwa moja kwa moja na intaneti, umeiweka BMC barabarani bila kujua. Lazimisha tundu maalumu kwanza, kisha ipe anwani katika mtandao wa peke yake:

ipmitool lan set 1 ipsrc static
ipmitool lan set 1 ipaddr 10.20.0.15
ipmitool lan print 1

Ile 1 ni namba ya chaneli. Kwenye seva nyingi za HPE ni 2. Usisahau kuweka pia kipimo cha mtandao (netmask) na anwani ya kutokea (gateway), la sivyo utaifikia ukiwa ndani ya mtandao huo huo tu.

Nenosiri la kiwandani libadilishwe siku hiyo hiyo. Yale ya zamani, root na calvin kwa Dell, ADMIN na ADMIN kwa Supermicro, yanajulikana dunia nzima. Lakini hata nenosiri gumu halikuruhusu kuianika BMC kwenye intaneti. IPMI 2.0, kiwango cha mwaka 2004 cha kuzungumza na BMC, humpa anayeuliza kwa jina sahihi la mtumiaji alama iliyokokotolewa kutokana na nenosiri, kabla hajathibitisha yeye ni nani. Anaichukua, anakaa nayo kwake na kubahatisha mpaka apate. Mtafiti wa usalama Dan Farmer aliliweka wazi jambo hili mwaka 2013, na halizibiki kwa sasisho, kwani limo ndani ya kiwango chenyewe. Zima IPMI ya mtandaoni kama unaweza kutumia Redfish, kiwango cha kazi hiyo hiyo kilichotoka 2015, na uipitishe njia yote ndani ya VPN. Katika Falme za Kiarabu, kutumia VPN kutenda au kuficha kosa kuna faini ya kuanzia dirhamu 500,000 hadi milioni 2. Hata hivyo mamlaka ya mawasiliano ilieleza mwaka 2016 kwamba kampuni na benki hazizuiwi kuingia katika mitandao yao ya ndani kwa VPN.

Lingine linalopuuzwa ni njia yenyewe. Chini ya mwezi mmoja baada ya mafuriko yale, tarehe 12 Mei, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Anayesimamia seva ya Dubai akiwa Dar es Salaam au Mombasa anahitaji njia mbili zisizotegemeana. Na kule Dubai kwenyewe, mtandao wa BMC ukipita kwenye ruta ile ile inayohudumia seva, ruta ikifa vyote viwili vinapotea. Ruta ndogo yenye laini ya simu inatatua hilo.

Jaribu yote haya kabla hujarudisha kitambulisho cha mgeni pale mapokezi ya kituo cha data. Chomoa kebo ya kawaida ya seva, uzime mfumo endeshi, toka hadi ukumbini, na kwa data ya simu yako uiwashe seva na kuiangalia skrini mpaka iulize jina la mtumiaji. Isipowaka, bado uko hatua chache kutoka ilipo.