Kuvu, Ukungu na Sumukuvu: Istilahi za Maradhi ya Mifugo

Mfasiri anayeandaa kijitabu cha ufugaji kwa wakulima wa Arusha na miteremko ya Mlima Meru hukutana mara na neno "ukungu". Neno hili hubebeshwa mizigo mitatu: ugonjwa wa ngozi, ugonjwa wa viungo vya ndani, na sumu iliyomo katika chakula. Isitoshe, kwa mkazi wa Tengeru au Nkoaranga, ukungu ni ule unaofunika mlima asubuhi za Juni na Julai. Akisoma kwamba ng'ombe wake ana "ugonjwa wa ukungu", si ajabu akadhani baridi ndiyo iliyomdhuru. Twaonelea kwamba mambo haya matatu yapewe majina matatu, kwa kuwa kila moja lina kinga yake.

Neno la msingi na liwe kuvu. Kuvu ni viumbe hai ambavyo si mimea, si wanyama, wala si bakteria. Huzaana kwa spora, yaani chembe ndogo mno ambazo nyingi hupeperushwa na hewa. Ukungu ubaki kuwa jina la utando uonekanao juu ya mkate au mabua yaliyolowa. Hamira nayo ni kuvu, lakini hapana aiitaye ukungu.

Ama kuhusu ngozi, lugha inalo neno tayari, nalo ni choa. Huonekana kwa mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, na huweza kumwambukiza mchungaji. Hapana haja ya kubuni jingine.

Ugumu umo katika maradhi ya ndani. Mfano ulio karibu ni kuvu ambazo wataalamu huziita Aspergillus. Jina hilo lilitolewa mwaka 1729 na Pier Antonio Micheli, padri na mtaalamu wa mimea wa Florence, aliyeona kuwa umbo lake lafanana na chombo cha kunyunyizia maji ya baraka. Vifaranga waliolazwa juu ya maranda yenye ukungu huvuta spora, wakapata vinundu mapafuni, wakatweta midomo wazi. Ng'ombe aliyefungiwa zizini, akalishwa mabua yaliyooza, huweza kupata spora zikaingia katika damu hadi kondo la nyuma, akatupa mimba, aghalabu katika miezi ya mwisho. Mfugaji atadhani ni ule ugonjwa wa kutupa mimba uletwao na bakteria, ambao huambukiza ng'ombe wengine na binadamu pia. Hapo ndipo vipimo vya maabara vinapohitajika, na jina bayana likawa na faida.

Baadhi ya wafasiri huandika "maambukizi ya kimfumo". Msomaji atauliza: mfumo upi? Twapendekeza kuvu ya ndani kwa ugonjwa ulio katika viungo vya ndani. Na ukisambaa kwa njia ya damu, isemwe wazi kuwa ni kuvu iliyoenea mwilini.

La tatu ni sumukuvu, neno ambalo limekwisha kukubalika nchini. Hili si ambukizo. Kuvu huitengeneza sumu katika mahindi, karanga au mashudu, na sumu hubaki hata ukungu ukifutwa au chakula kikichemshwa. Mwaka 1960 nchini Uingereza walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ng'ombe akiila, sehemu yake hutokea katika maziwa.

Hapa pana mtego wa lugha. Dawa za kuua bakteria tunaziita viuavijasumu. Mfugaji anayesikia "sumu" katika maneno yote mawili aweza kununua dawa hizo ili kutibu sumukuvu. Haziondoi sumukuvu, wala haziui kuvu ya ndani. Zikitumiwa kwa muda mrefu huweza hata kuipa kuvu nafasi ya kustawi. Kwa hiyo kila maandishi yatajayo sumukuvu hayana budi kuongeza kwamba tiba yake si viuavijasumu, bali kinga ni kukausha nafaka vema na kutomlisha mnyama chakula kilichoharibika.

Mwalimu na afisa ugani wakishika majina haya matatu, choa, kuvu ya ndani na sumukuvu, mfugaji atajua lini apake dawa, lini amwite daktari wa mifugo, na lini akague ghala lake.