Tovuti Ikipata 100, Tusiishie Hapo



Mtu asiyeona husomaje tovuti? Hutumia programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Lakini tovuti isipotengenezwa vizuri, programu hiyo hukwama. Ndiyo maana kuna vipimo kama WAVE na Lighthouse, iliyomo ndani ya Chrome. Lighthouse hukagua ukurasa na kuupa alama hadi 100.

Majibu yake tuyaeleweje?

Kwanza, kosa linaloonyeshwa mara nyingi ni kosa kweli, kwa sababu mashine ni hodari wa kupima. Kwa mfano, kanuni za kimataifa ziitwazo WCAG zinataka mwangaza wa maandishi ya kawaida na wa rangi iliyo nyuma yake utofautiane kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hiyo ni hesabu tu.

Pili, tahadhari si kosa. Maana yake ni kwamba hapo mtu aangalie mwenyewe.

Tatu, alama 100 husema tu kwamba mashine haikuona kosa katika yale inayoweza kuyapima. Inajua kama picha ina maelezo, lakini haijui kama maelezo ni ya kweli. Picha ya ngalawa ukiiandikia "paka", itapita.

Hapo ndipo Kiswahili chetu kinapoumia. Kila ukurasa hutakiwa kutaja lugha yake kwa herufi zilizofichwa: "en" kwa Kiingereza, "sw" kwa Kiswahili. Lighthouse hukagua kama herufi hizo zipo na ni halali, basi. Ukurasa wa Kiswahili uliowekewa "en" utapita, lakini msikilizaji anaweza kusomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. Hebu someni "Kaka yake alikaa pale" kana kwamba ni Kiingereza! Mtacheka, lakini bibi asiyeona anayengoja habari za wajukuu zake hataelewa kitu.

Kazi ya nyumbani: fungueni tovuti moja ya Kiswahili kwenye kompyuta. Katika Chrome ya Windows, bonyezeni Ctrl na U pamoja, kisha tafuteni "lang" karibu na mwanzo. Imeandikwa nini? Halafu rudini kwenye ukurasa, mpite kila kiungo kwa kitufe cha Tab, bila kugusa mausi. Andikeni mlipokwama, mje nayo darasani wiki ijayo.